Siku Bibi Alipomhamisha Mwenye Kichaka

Nilipokuwa mtoto wa kujitwika ndoo ndogo, mtaa wetu karibu na Wawi, kisiwani Pemba, ulikunywa maji ya kijito kilichotoka kwenye kichaka cha miti mikubwa huko juu. Bibi yangu, Bi Time, mama mzaa baba, ndiye aliyekuwa akifukiza ubani pale. Alituambia kichaka kina mwenyewe, pepo asiyetaka shoka wala panga, na akiudhiwa atayafunga maji.

Tulimwamini. Mama yangu aliwahi kukata huko mti mmoja wa kuegemezea paa la jiko, Bibi akamwamrisha aurudishe ulikotoka, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji. Mama aliubeba akaurudisha, uso umemshuka.

Kisha vikaja vyama vingi vya siasa. Watu wakaacha kusalimiana, wengine hata kuzikana. Baba na mdogo wake, ami Khelef, wakawa kila mmoja na chama chake. Ami alikuwa amerudi kutoka Unguja, hana kazi, anataka kulima tungule, nyanya za kuuza, na ardhi iliyomkaa moyoni ni ile ya kichaka, nyeusi na yenye unyevu. Alimwambia Bibi kwamba akinyimwa atarudi Unguja na hatamwona tena. Ami alikuwa kitinda mimba wake.

Asubuhi moja Bibi alinichukua nimbebee chetezo cha ubani. Nilidhani tunakwenda kuomba mvua, kama kawaida. Aliketi chini ya miti, akafukiza, kisha akasema taratibu:

"Hama kwa wema, mwenyewe. Mwanangu anataka kulima."

Nilimuuliza atahamia wapi.

"Ana pa kwenda," alinijibu, bila ya kunitazama.

Miti ikaangushwa. Ami akalima mpaka ukingoni mwa maji, akapanda, akapiga dawa ya wadudu. Masika ilipokuja, mvua iliteremka na udongo, kijito kikawa chekundu, na pale tulipokuwa tukiteka pakajaa tope. Visamaki vilielea. Wa chama cha Baba wakasema wenzao wametia sumu. Wa upande wa pili nao wakasema hivyo hivyo. Bibi aliyasikia yote. Mdogo wangu akaharisha hata akalazwa hospitali ya Chake Chake.

Siku aliyorudi naye kutoka hospitali, Mama alimwendea Bibi barazani. Hakupandisha sauti.

"Mama, miye ulinirejesha kwa mti mmoja."

Bibi alivuta kanga akajifunika uso.

Kiangazi kilipoingia, kijito kilibaki madimbwi. Tungule zikakosa maji, na ami, hata baada ya kupewa ardhi, akarudi Unguja. Sisi tukawa tunafuata maji mbali, na Mama ndiye aliyemletea Bibi hata ya kutawadhia.

Leo simhitaji pepo ili niyaelewe yaliyotokea. Miti ile ndiyo iliyoushika udongo na kuyatunza maji, na naamini Bibi, kwa njia yake, alilijua hilo kuliko sote. Angekuwa hajui, ningemsamehe upesi. Lakini alijua, na kitu cha mtaa mzima akakitoa kwa mapenzi ya mtoto mmoja.

Nilimpenda mpaka alipofariki. Ila tangu asubuhi ile, kila aliponikataza jambo, niliitika "naam, Bibi," huku nikijiuliza moyoni ni nani hasa anayekatazwa, na ni nani anayeachiwa.