Nilivyopitia kwa shefu wangu ili binti yangu achezeshwe lastike

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe hapa mtaani Kapata, na mke wangu anasoma begani kwangu huku akicheka, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Binti yangu Naomi, anayeniita tata, yaani baba, ana miaka tisa. Wasichana wa mstari wetu wa nyumba wana kikundi chao cha lastike. Kwa wasiojua, ni mpira mrefu: wawili wanaushika kwa miguu, mwingine anaruka.

Naomi hawakumtaka.

Kila jioni anakaa mlangoni anawaangalia. Chakula anakichokonoa tu. Roho iliniuma sana.

Sasa mimi ni mtu wa mgodi. Kwetu ukiwa na shida, hata ya kukosa glavu, unapitia kwa shefu, yaani bosi. Na kiongozi wa kile kikundi, Gracia, ni mtoto wa shefu wangu wa timu. Mmeshaona nilikoelekea.

Shefu alinisikiliza kwa makini, utadhani naripoti lori limepinduka.

"Tata Naomi, lala salama. Nitatoa amri."

Kesho yake Naomi akaitwa. Nikasimama dirishani najipongeza.

Wakamfanya nguzo. Jioni nzima kasimama na mpira miguuni, wenzake wanaruka. Zamu yake ikikaribia, Gracia anasema giza limeingia, na jua bado linachoma.

Asubuhi kazini, kwenye mkutano wa usalama, shefu ananiuliza mbele ya timu yote: "Naomi alicheza?" Wanaume wazima na helmeti zao wakanigeukia. Nikajibu ndiyo, shefu. Mpaka leo kazini naitwa Lastike.

Nyumbani Naomi alilia.

"Tata, habanipende. Banaogopa tu baba ya Gracia."

Mke wangu akauliza kama nimewahi kumuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Kweli sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza.

"Mi nataka kuruka tu, tata."

Basi nikanunua lastike. Upande mmoja kiti, upande mwingine mimi, na buti za mgodini na gileti, kile kizibao cha kazini cha rangi ya machungwa, maana ndiyo nilikuwa natoka kazini. Majirani walitoka kabisa kuja kutazama. Acha wacheke. Naomi aliruka mpaka akakaa chini kwa kicheko.

Kuna mtoto mgeni, Béa, familia yake imehamia kutoka Dilolo, naye hakuwa na kikundi. Akasogea, akaondoa kiti, akasimama yeye. Baadaye wakaja wengine. Mwisho akaja Gracia, bila amri ya mtu.

"Na mi nitaruka?"

Naomi akamwangalia. Hapo angeweza kulipiza, na mimi ningemwelewa.

"Ndiyo. Lakini ngoya zamu, Béa iko mbele."

Kisha akanigeukia mimi.

"Tata, ingia mu nyumba sasa. Buti yako itakata lastike."

Nilichojifunza ni kwamba urafiki wa watoto hautolewi kwa amri. Muulize mtoto anachotaka, cheza naye, na ukubali kuchekwa. Wenzake watakuja wenyewe au hawatakuja, lakini atakuwa ameshacheka.

Nyie mtoto akitengwa mnafanyaje? Na baba akitengwa je? Jana niliomba kuruka mara moja tu, Gracia na Naomi wakaniambia kwa pamoja kikundi kimejaa.