Mifupa ya Mama Turubai

Daktari aliposema mifupa yake imekuwa myepesi, Mama Turubai alidhani anasifiwa. Mkono mwepesi ndio uliomlisha maisha yake yote. Kwa mkono huo alishona maturubai ya malori, mahema ya shughuli, vivuli vya mbele ya maduka, na mwaka mmoja paa zima la sarakasi iliyokuwa ikipita. Watu walikuwa wamelisahau jina lake la kuzaliwa, naye hakuona haja ya kuwakumbusha.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Mgongo wake ulikuwa umesimama pale, mweupe kwenye weusi, pingili juu ya pingili. Moja, katikati, ilikuwa imebonyea upande wa mbele kama boksi la karatasi lililokaliwa na mtu mzima.

"Ulianguka lini, mama?"

"Sijaanguka."

"Ulinyanyua kitu?"

"Nilifungua dirisha," akasema Mama Turubai. "Lilikuwa limekaza."

Mwanamke aliyezoea kuviringisha turubai la lori peke yake alikuwa amevunjika kwa kufungua dirisha. Daktari akamwandikia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akamwambia maumivu yakitulia aende jengo la nyuma, kuna mazoezi maalumu ya watu wenye mifupa kama yake. Mama Turubai akaitikia vizuri, akavimeza vidonge kama alivyoelekezwa, na mazoezini hakwenda.

Hakuwa mvivu. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo aliitoa mezani kwake kazini. Turubai likichakaa, nyuzi zikaanza kuachana, hulivuti. Hulitundiki juani. Unalikunja taratibu, unaliweka mahali pakavu, unalitumia pale tu inapobidi. Kila aliyewahi kushona anajua hivyo. Basi naye akajikunja. Ndoo akaacha kubeba, ngazi akaacha kupanda, hata chungu cha maji ya moto akamwachia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walikuwa wakiishi pamoja tangu msiba ule na kutaniana tangu siku ya harusi.

"Leo umenyanyua nini, wifi?" angeuliza yule dada akiingia na kapu la sokoni.

"Kijiko."

"Uwe mwangalifu. Kilikuwa na supu ndani?"

Ndipo mwanawe akaja. Alikuwa mwanawe wa pekee, muuza vipuri vya magari, mwanamume mnene mwenye roho nyepesi kulia. Alikuja na kiti kikubwa chenye mito, akakiweka sebuleni, akabaki amesimama mbele yake kama mtu aliyeleta barua mbaya.

"Mama, karakana tuifunge. Uje ukae kwangu. Ule, upumzike, wajukuu wakuzunguke."

"Na kazi?"

"Kazi imeshakuvunja."

"Dirisha ndilo lililonivunja."

"Mama, nakuomba. Kila simu ikilia nadhani ni shangazi ananiambia umekutwa sakafuni."

Mama Turubai akatazama kile kiti. Akatazama mlango wa pili, ule unaotokea karakanani, ambako meza yake ndefu ilikuwa imelala na mkasi mkubwa, mshumaa wa nta ya kupakia uzi, na kipande cha ngozi anachovaa kiganjani kusukumia sindano. Kilikuwa kimechukua umbo la mkono wake hata kikiwa hakina mkono. Akaona wazi kwamba akikikalia kile kiti hatainuka tena.

"Mwanangu," akasema, "daktari atanipima tena mwakani. Mifupa ikiwa imeendelea kushuka nguvu, ufunguo nitakutia mkononi mwenyewe. Ikiwa imesimama, usinitajie tena habari ya kufunga."

"Ikisimama tu?"

"Ikisimama tu."

Akakubali upesi, kama mtu anayecheza bao na mtoto. Wiki hiyohiyo Mama Turubai akaenda jengo la nyuma.

Lilikuwa ghala la vitanda vibovu zamani. Sasa lilikuwa na sakafu ya mbao, bomba refu la chuma ukutani la kushikilia, na vyuma vya kunyanyua vimepangwa kwa ukubwa kama familia inayopiga picha. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesomea kutibu viungo. Alimwuliza maswali mengi, akamgusa mgongo kwa vidole viwili, kisha akasema jambo ambalo Mama Turubai hakulitarajia.

"Hapa tutaupa mfupa kazi."

"Mwalimu, umevunjika huo."

"Umepona sasa, ila ni dhaifu. Mama, mfupa una uhai. Ndani yake kuna wanaobomoa na kuna wanaojenga, na hawalali hata usiku. Wanaobomoa wanakwangua kilichozeeka, wajenzi wanafuata nyuma wanaziba. Kadiri umri unavyokwenda, wajenzi wanazidiwa. Na ukikaa kitini, wanaona huku hakuna mzigo, wanalegea kabisa. Wale wabomoaji hawalegei."

Mama Turubai akauliza polepole, kama anayeogopa kuchekwa: "Unataka kuniambia mfupa ukivutwa, unajitia kiraka wenyewe? Palepale ulipovutwa?"

"Polepole sana. Na si kila mvuto unaufaa. Lakini ndiyo."

Alitoka pale kichwa kikimzunguka. Alikuwa ameshika kila aina ya nguo nzito ambayo mkono wa binadamu umewahi kusuka, na hakuwahi kukutana na hata moja inayojishona inapovutwa. Njiani aliona mchukuzi amebeba mtungi wa gesi begani, naye akasimama. Aliuona ule uzito ukishuka begani, ukipita nyongani, ukifika kisiginoni, na mahali pote ulipopita aliwaza mafundi wadogo wakiinua vichwa. Wasichana walikuwa wakiruka kamba mbele ya kinyozi, na kila walipotua vumbi lilitimka. Hawajui, aliwaza. Wanajenga nyumba watakayokaa uzeeni, nao wanadhani wanacheza. Akabaki pale hadi kinyozi akatoka kumwuliza kama amepotea.

Akaanza na ufito mtupu, tena wa fagio. Mwalimu aliuweka mgongoni mwake, uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse mkia wa mgongo, kisha akamwambia apeleke makalio nyuma kama anayefunga mlango wa gari mikono ikiwa imejaa. Ufito usiachie. Kuinama kwa kukunja mgongo kulikatazwa kabisa, kwa sababu pingili dhaifu hubonyea upande wa mbele. Mama Turubai alikuwa ameinama juu ya meza kwa mgongo uliokunjwa tangu alipokuwa msichana. Ilimbidi ajifunze kuinama upya, kama mtoto anavyojifunza kusimama.

Nyumbani alifanya mbele ya kioo cha kabati. Wifi akapita, akarudi kinyumenyume.

"Kaka yangu hajaoza vizuri, na wewe umeshaolewa na fagio."

"Hili halikoromi."

"Hapo umesema kweli."

Kutoka kwenye fagio akaenda kwenye chuma chepesi, kisha kizito kidogo, kila mara mwalimu akiwa karibu kama kivuli. Akajifunza kusimama kwa mguu mmoja. Akajifunza kuinuka kwenye visigino na kujiachia, atue sakafuni ili mtikisiko upande juu. Hatimaye, daktari aliporidhika na mwalimu akaridhika, ikaja siku ya kuruka.

Walikuwa wamepanga mstari kwenye lile bomba la ukutani. Pembeni yake alikuwa dereva mstaafu wa mabasi, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza bafuni.

"Mimi mara ya mwisho kuruka," akasema dereva, "nilikuwa naruka ukuta wa watu, na mapera mfukoni."

"Walikukamata?"

"Mapera yalinishtaki. Yalidondoka moja moja hadi nyumbani."

"Shikeni bomba," akasema mwalimu. "Kidogo tu. Magoti yalegee mnapotua."

Mama Turubai akashika. Alikuwa bibi mwenye wajukuu, na nyayo zake hazikuwa zimeachana na ardhi zote mbili kwa pamoja tangu siku asizozikumbuka. Akakunja magoti, akajisukuma. Kulikuwa na kitambo, kifupi kuliko kupepesa jicho, ambacho hakuna kitu kilichombeba. Kisha sakafu ikampokea, na mshindo ukapanda kisiginoni, ukapita gotini, ukaingia nyongani na kutulia humo kama mgeni aliyekuwa akingojewa. Akasimama mdomo wazi. Machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

"Umeumia, mama?" mwalimu akauliza haraka.

"Hapana," akasema. "Nimesikia ndani."

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwa mafundi wa maturubai kuna desturi ambayo hakuna anayeiruka. Mshono ukikamilika, huupeleki kwa mwenyewe hivihivi. Unauning'iniza, unaufungia gunia la mchanga, unauachia ghafla. Ukihimili, ni kazi. Ukiachia, bora uachie kwako kuliko barabarani. Mama Turubai alikuwa amefanya hivyo kwa kila kazi iliyopita mikononi mwake, na miezi ilivyozidi kwenda, kipimo cha daktari kikikaribia, akaanza kuwashwa na jambo moja. Anajengwa, sawa. Lakini nani amejaribu mshono?

Asubuhi moja dereva wa lori alimwachia turubai mlangoni, limelowa mvua, zito kama ng'ombe aliyelala. Wifi alikuwa sokoni. Mama Turubai akalizunguka. Angeweza kusubiri. Angeweza kuita mtu barabarani. Akashika pindo, akainama vilevile alivyokuwa akiinama ujanani, mgongo umekunjwa, akalivuta juu kwa mpigo mmoja.

Kitu kikamshika kiunoni, kikakaza.

Wifi alimkuta ameegemea meza, kapu la sokoni likamtoka mkononi, vitunguu vikabingirika hadi chini ya cherehani. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani.

"Umefanya nini?"

"Nimejijaribu."

"Wewe ni mjinga," akasema wifi, na sauti yake ikavunjika. "Unajua mimi nina nani mwingine? Ukihamia kwa mwanao, mimi nitamtania nani, kabati?"

Picha ya hospitalini ilionyesha pingili zote ziko zilivyokuwa. Ilikuwa misuli. Mwalimu aliitazama ile picha kwa muda mrefu kabla ya kumgeukia, na alipozungumza hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Kwa nini, mama?"

Akamweleza habari ya gunia la mchanga. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Turubai ukilimaliza, limekwisha," akasema. "Kesho halitakuwa imara kuliko leo, ndiyo maana unalijaribu leo. Wewe hujaisha. Ukimshtua fundi aliye juu ya ngazi, hujampima, umemwangusha tu. Mfupa haujaribiwi, mama. Unazoeshwa."

Akamrudisha kwenye fagio.

Aibu ile ilikuwa nzito kuliko chuma chochote cha ukutani. Waliokuja nyuma yake walikuwa wakinyanyua, naye ameshika ufito mtupu, anapeleka makalio nyuma, anarudi. Hata hivyo, katika ukimya wa ule ufito, jambo fulani lilimwingia polepole, nalo lilimtisha kwa ukubwa wake. Hujaisha. Alikuwa amejihesabu kuwa kitu kilichokamilika zamani, ambacho sasa kinatumika tu hadi kichakae. Kumbe saa hiyohiyo, chini ya ngozi hii yenye mikunjo, ujenzi ulikuwa ukiendelea. Na haukuwahi kusimama, hata siku aliyomzika mumewe, hata zile siku alizokataa kula. Nani aliwaagiza wajenzi wale? Nani aliwaonyesha pa kuanzia? Alirudi kwenye vyuma taratibu, bila haraka tena, kama mtu anayetembea katika nyumba ambamo watu wanafanya kazi ya makini.

Siku ya kipimo mwanawe alimpeleka kwa gari. Mama Turubai akalala chali kwenye kitanda kigumu, na mkono wa mashine ukapita juu yake polepole, ukinong'ona. Hakuomba aone ameshinda. Alilala tu na kushangaa kwamba kuna kitu kinachoweza kutazama hadi kule na kisimwumize.

Daktari alisoma, akasoma tena.

"Mgongo uko palepale ulipokuwa mwaka jana. Nyonga imepanda kidogo, lakini kidogo sana, siwezi kuapa kwamba si mashine."

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema mwanawe, na uso wake ulijaa huruma.

"Hicho 'hakuna kitu' usikidharau," akasema daktari. "Mifupa yake ilikuwa inashuka. Bila vidonge na yale mazoezi tungekuwa tunazungumza mengine leo. Imesimama."

Neno hilo likabaki chumbani. Mwanawe akamtazama mama yake.

Walitoka hadi ukumbini. Yule mwanamume mnene akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatoa simu, akairudisha mfukoni, akaitoa tena.

"Mama, kuna kitu nimefanya."

"Kitu gani?"

"Kuna mwalimu mkuu mmoja anataka umshonee hema la shule, alinipigia juzi. Nikamwambia umefunga."

"Ulimwambia nimefunga."

"Nilikuwa na uhakika, mama. Nilikuwa nakuandalia chumba."

Mama Turubai alinyoosha mgongo wake, ule uliosimama, akaiona hofu ya mwanawe kwa ukubwa wake, akaihurumia.

"Mpigie," akasema.

Akapiga palepale, kati ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Ni kuhusu lile hema... Hapana, hajafunga. Nilikosea mimi." Akasikiliza. "Yupo. Yupo hapa, amesimama. Ngoja nikupe mwenyewe."

Mama Turubai akaipokea simu.

"Enhe, mwalimu," akasema. "Niambie upana."