Karatasi ya Mgongoni

Mimi shule niliiona kwa nje tu. Ilikuwa na ukuta mzuri. Siku baba aliyotaka kunipeleka ndiyo siku ng'ombe wetu walipopotea, na ng'ombe wale wakakaa wamepotea miaka saba, mpaka nikaota ndevu nikiwatafuta. Mke wangu anasema ng'ombe hao walikuwa mbuzi wawili na walirudi wenyewe jioni. Lakini yeye hakuwepo.

Shida yangu haikuwa shule. Shida ni kwamba wakati namchumbia nilimwambia nimefika kidato cha pili. Yeye ana darasa la saba, anasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Sasa ungemwambia nini mtu kama huyo? Nikasema kidato cha pili, nikaona kama haitoshi, nikaongeza na Kifaransa kidogo.

Uongo huo niliubeba miaka kumi na tisa. Kanisani nashika kitabu cha nyimbo, nafunua kurasa wenzangu wakifunua, maana nyimbo zote ninazo kichwani. Nyumbani akiniletea karatasi nasema, "Ngoja miwani." Nikanunua miwani sokoni Kibondo, nikiivaa naona ukungu tupu na kuku mmoja anakuwa wawili. Msimu mmoja tukanunua dawa ya wadudu wa maharage. Akaniuliza, "Baba watoto, wameandika vifuniko vingapi?" Nikavaa miwani, nikaitazama ile chupa kama hakimu, nikasema, "Vitano." Maharage yakakauka yote, wadudu nao, nyasi nazo, hata mti wa jirani ukapukutika. Mama watoto akaenda kumtukana mwenye duka kwamba anauza dawa feki. Mimi siku hiyo nilikuwa porini kwenye mizinga yangu ya nyuki. Nikaona nikae huko siku mbili zaidi.

Tukaishi hivyo mpaka ikaja semina.

Ilikuwa baada ya kuigawa Kibondo, Kakonko wakapewa wilaya yao. Shirika moja likaita vikundi vya wafuga nyuki waende Kasulu siku tatu, semina ya kujitambua. Mimi nilikuwa najitambua vizuri tu, lakini nikasikia kuna chapati. Sisi wa Kumsenga tukaenda watano. Mmoja wetu alikuwa katibu wa kikundi, mzee mpole, wazazi wake walikimbia Burundi, yeye kazaliwa huku huku, mwandiko wake utadhani umetoka kwenye mashine. Vumbi la barabara ile bwana, ukitema mate linadondoka tofali. Tulishuka wekundu wote watano, mlinzi wa getini akauliza kama sisi ni wa mama mmoja.

Mwezeshaji alikuwa binti wa Dar, mchangamfu, anatembea kama ardhi ina moto. Akasema tusimame, kila mtu amsalimie mwenzake kwa kumshika mkono kwa nguvu na kumtazama machoni, ndiyo kujiamini. Sasa sisi Waha salamu yetu ni makofi. Unainama kidogo, unapiga makofi polepole, unauliza habari za watu, za mifugo, za shamba. Ukumbi mzima tukaanza, pa, pa, pa, "mwakeye, mwakeye." Binti wa watu akadhani tunampigia yeye. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Asanteni jamani, mmenipokea vizuri."

Siku ya pili akaleta balaa lenyewe. Akasema leo ni mrejesho wa kweli. Kila mtu akabandikwa karatasi mgongoni, akapewa maka peni. Unazunguka, unamwandikia mwenzako mgongoni kitu kimoja anachotakiwa kurekebisha, bila kuweka jina.

Nikaishika ile maka peni kama nimeshika nyoka mkia. Watu wanapita nyuma yangu, nasikia kalamu inanitekenya, na kila anayemaliza anacheka. Mwingine aliandika mpaka karatasi ikaisha akahamia kwenye shati. Na mimi natakiwa niandike. Ningefanyaje? Nikachora nyuki. Kila mgongo niliopita niliacha nyuki, ana mabawa, ana mwiba.

Tukakaa, kila mtu asome ya kwake kwa sauti. Mmoja kaambiwa mchoyo. Mmoja kaambiwa anavua viatu ndani ya basi. "Halafu hapa," akasema, "kuna mtu kanichorea inzi."

"Hata mimi nina inzi," akasema mwingine.

"Mimi wangu mnene."

Inzi wakafika ishirini na wawili. Mwezeshaji akawaza, akasema washiriki wametoa ujumbe mzito kuhusu usafi wa mwili, akatufundisha kuoga nusu saa nzima. Mimi nikaandika. Yaani nilikuwa nachora tena nyuki.

Ikafika zamu yangu. Nikavaa miwani, nikainua karatasi, nikasoma kwa sauti ya mchungaji: "Huyu mzee ni mtu wa maana. Hana kasoro. Akisema jambo, ni hivyo hivyo. Tungepata kumi kama yeye, wilaya ingekuwa mkoa."

 Kicheko kikalipuka ukumbi mzima, mwenyekiti wa kikundi cha Titye akaanguka na kiti chake. Mwezeshaji mwenyewe alijifuta machozi kwa shungi la kilemba. Nikajua hapo sijasoma kilichoandikwa.

Tukiwa kwenye basi kurudi, katibu akanisogelea. "Ndugu yangu, ile karatasi hukuisoma."

"Miwani hii, unajua..."

"Ulikuwa unasoma upande mweupe."

Nikaivua miwani, nikaitia mfukoni. Mwisho nikamwambia, "Basi nisomee wewe."

"Sikusomei. Mstari mmoja ni wangu. Utausoma mwenyewe, mimi nitakufundisha."

Nyumbani nikaificha karatasi darini, ndani ya kibuyu. Nikawa silali vizuri wala sili vizuri, nikabaki na sahani mbili tu. Watu ishirini na wawili wameniandika, na anayeweza kunisomea nalala naye kitanda kimoja. Nikimpa asome, nampa na ile miaka kumi na tisa.

Tukaanza darasa porini. Mizinga yetu ni ya magogo, na katibu anaandika herufi kwa mkaa kwenye gogo, moja kila mzinga. Ukikosea unarudia, na wenye nyumba hawapendi kelele. Herufi ya M iliniuma sikio. Ya R iliniuma mahali pa kukalia, sikukaa wiki nzima. Mpaka leo nikiiona R nabana makalio.

"Unaenda porini kila siku," mama watoto akasema, "asali iko wapi?"

"Nyuki wa mwaka huu wavivu."

"Wamekuiga wewe."

Tulivuna maharage mara mbili, ndipo katibu akaniambia sasa kalete ile karatasi. Nikakaa chini ya mzinga wa A, kidole chini ya kila neno. Mstari wa kwanza: Muongo. Wa pili: Muongo sana. Wa tatu: Akikusimulia, gawa kwa kumi. Wa nne ananuka moshi, huo nikasema wivu. Kuna mmoja kaandika: Muongo, lakini safari bila yeye ni ndefu. Huyo nikampenda bila kumjua. Chini kabisa, mwandiko wa mashine: Hajui kusoma na anaogopa mke wake ajue. Amwambie.

Nikamtazama katibu. Alikuwa anaangalia juu ya mti, utadhani ana mkwe huko.

Semina walitugawia na kitabu cha kujiendeleza, nikakisoma nacho baadaye. Kinasema uamke kabla ya jua, unywe maji, ujichekee kwenye kioo. Nilijichekea siku moja, nikaona meno yaliyobaki, nikaacha. Katika kitabu kizima hakuna mstari ulionitoa jasho kama ule wa katibu.

Siku ile ile niliyosoma karatasi, mchana, nikamkuta mama watoto jikoni, maharage motoni. Nikasema kwa mkupuo mmoja, "Mama, mimi nilikuwa sijui kusoma. Kidato cha pili ni uongo. Kifaransa uongo. Nimejifunza juzi juzi huko kwenye mizinga."

Hata hakugeuka. "Leo umeamka na hiyo?"

"Kweli kabisa."

"Miaka kumi na tisa unaimba kanisani kitabu mkononi, leo hujui kusoma. Nenda kaoge."

Nikaapa kwa mama yangu. Akasema mama yangu nimeshamwapia kwenye ile hadithi yangu ya chui wa Kumsenga. Nikampa karatasi ya mgongoni. Akaisoma yote, akacheka mpaka akashika nguzo. Ule wa mwisho akausoma mara mbili. Akachukua penseli ya watoto, akaandika kitu chini yake, akanirudishia.

"Soma."

Nikaweka kidole. "Ma... ha... maha... ra..." R ikanipa shida, unajua sababu. "Ra... ge. Maharage. Ya... na... u... u-ngu..." Jasho linatiririka. Yeye kanitazama kidole. "Yanaungua."

Kweli yalikuwa yanaungua. Moshi ulishajaa jiko zima. Yeye kasimama hapo hapo, mwiko mkononi, hayaepui.

"Kumbe," akasema. Halafu, "Ile dawa."

"Nilikisia."

"Na mwenye duka nikamtukana."

"Nitaenda kumwambia."

Akakaa kwenye kigoda. Mimi bado nimesimama na karatasi. Akaniuliza taratibu, "Na ile barua ya uchumba? Kurasa mbili. Ninayo mpaka leo."

"Niliandikiwa. Karani mmoja kule Manyovu."

"Ukampa nini?"

"Jogoo."

"Jogoo mmoja?" Sasa ndiyo alikasirika. "Barua yangu mimi, jogoo mmoja?"

Ulimi ukaniwasha niseme watatu. Ukaniwasha niseme beberu na debe la asali. Nikatazama karatasi mkononi.

"Mmoja," nikasema. "Tena alikuwa anachechemea."