Tuta la Kicheko

Kuna watu ambao wivu huwapitia kama mafua, ukaja, ukaondoka. Wivu wa Fundi ulikuwa umehamia moja kwa moja, na virago vyake vyote.

Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa nyumba ile, mshonaji wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la nyuma, ikitazama kiwanja cha mama mkwe. Kutwa alishona huku jicho moja likiwa kwenye sindano na la pili kwa Kicheko, mke wa shemeji yake. Huyu alikuwa ameolewa juzijuzi tu, akifanya kazi ya kuuza dukani kwenye dawa huko mjini, na jina hilo alipewa kwa sababu chai ikimwagika anacheka, mvua ikimlowesha anacheka. Mama mkwe alimpenda mno. Hilo ndilo lililomkwama Fundi kooni. Miaka yote ya kumshonea mama mkwe magauni, hakuwahi kuambiwa neno zaidi ya "pindo limekaa sawa."

Siku moja mama mkwe akawaita wote wawili. Magoti yamegoma, akasema, kulima basi.

"Kila mmoja namkatia tuta moja apande viazi vitamu. Atakayevuna vizuri, kiwanja chote ni chake."

Fundi alikitaka kiwanja kile mpaka usingizi ukampaa. Si kwa viazi tu. Alitaka siku moja Kicheko aje amwombe mboga ya majani, naye amwambie subiri kidogo, niko na mteja.

Basi akalilisha tuta lake. Samadi ya kuku, kapu juu ya kapu, mpaka majirani wakafunga madirisha. Majani yakanona, yakawa mapana, ya rangi ya kijani iliyokolea. Akafurahi. Lakini furaha ya mwenye kijiba cha roho haitulii kwake, lazima ichungulie kwa jirani. Na tuta la Kicheko, ambalo halikuonja samadi yoyote ya maana, nalo lilikuwa likitambaa vizuri tu.

Asubuhi moja, Kicheko ameshakwenda kazini na mama mkwe yuko ndani anakanda magoti, Fundi aliinama penye tuta la mwenzake akanyanyua rando moja, lile shina la kiazi linalotambaa. Akaona kila kifundo cha rando kimeushika udongo kwa vimizizi vyembamba. Macho yakamtoka. Kwa mtu wa cherehani, ile ilikuwa mishono, na mishono ikifumuliwa nguo imekwisha.

Akafumua. Alinyanyua rando moja baada ya jingine, vimizizi vikikatika, kisha akayalaza vilevile kana kwamba hakupita mtu. Vikishika tena, anafumua tena. Kwake akafanya kinyume, akafukia kila kifundo kwa udongo ili kishike barabara. Roho ilimsuta. Akaiambia inyamaze, ana kazi.

Siku ya kuvuna alivaa gauni jipya.

Walianza na tuta lake. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda, shemeji akashika jembe. Yakatoka majani, yakatoka majani mengine, halafu vikatoka viazi, vyembamba, vimetawanyika tuta zima.

"Shemeji, hivi ni viazi au kamba za viatu?" mume wa Kicheko akatania.

Hata Kicheko hakucheka, na hilo lilimuuma Fundi kuliko utani wenyewe.

Kwenye tuta la pili, jembe halikwenda mbali. Kikatoka kiazi cha kubebwa kwa mikono miwili, kikafuata kingine, na kingine. Mama mkwe akavuta marando akayachunguza.

"Nani alikufundisha kuyanyanyua? Yakiachwa yashike ovyo, nguvu yote inapotelea njiani, unavuna kamba."

"Kwani si wewe, Mama?" Kicheko akashangaa. "Mimi sijayagusa. Kila nikirudi nayakuta yamelala huru, nikajua Mama ananisaidia."

"Mimi? Na magoti haya?"

Mchana nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Wote wakamgeukia Fundi.

Kicheko akamrukia, akamkumbatia na udongo wake wote. "Dada! Na mimi kila siku namwambia mume wangu, dada hanipendi." Akaanza kulia.

Fundi akafungua mdomo. Aseme nini? Kwamba alikuwa akiviua viazi vya mwenzake? Akaufunga.

Mama mkwe alimtazama kwa upole ambao Fundi alikuwa akiungoja tangu siku ya harusi yake.

"Mwanangu, nilikudhania vingine kabisa. Ukaacha lako likaharibika ukitunza la mwenzako! Ahadi ni ahadi, kiwanja ni cha Kicheko. Lakini yeye kutwa yuko kazini, na wewe upo hapahapa, mkono unao. Utamnyanyulia marando."

"Yote, Mama?"

"Kiwanja kizima, mwanangu."