Seva Saba Chini ya Meza ya Ruiru

"Kitu hujawahi kushika, unakirudisha aje?"

Aliyeniuliza alikuwa mwenzangu wa ofisi ya Ruiru. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu Thika na fomu ya kuondoka kazini mkononi. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza rejista ya mali ya kampuni, kwa hivyo kama kulikuwa na mtu aliyepaswa kulijua jibu hilo, ni mimi. Nilimwambia aketi. Akasema ameketi vya kutosha katika kampuni hii.

Tunaangua vifaranga. Mitambo ya kuangulia iko Thika, ofisi ya maagizo iko Ruiru, na huko nje kuna wafugaji wanaongoja ujumbe wa simu: vifaranga wako wako tayari, njoo uwachukue kesho asubuhi. Ujumbe huo hutumwa na seva. Wakati huo seva zilikuwa saba, na hazikuwa Thika wala Ruiru. Zilikuwa za kukodi, kwenye klaudi, yaani kompyuta zilizoundwa ndani ya kompyuta za watu wengine, katika nchi nyingine. Unaiwasha kwa kubofya na kuizima kwa kubofya. Haina uzito wala haishiki vumbi. Mwenzangu ndiye aliyezihudumia, na kwenye karatasi yeye ndiye aliyezitilia sahihi.

Kwetu hakuna kitu kisicho na mtu wake. Kiti, mizani, simu ya ofisi, hata jiko la gesi la jikoni, vyote vina stika ya nambari na jina la aliyepewa. Siku ukiondoka unavibeba vitu vyako hadi stoo, mama wa stoo anapitisha skana juu ya kila stika, skana inalia, naye anakupigia muhuri. Bila muhuri wake hupati barua ya kuondoka.

Na mwenzangu aliitaka barua hiyo kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa amepata kazi kwingine, baada ya kuitafuta muda mrefu, na waliomwajiri walimwandikia aripoti Jumatatu akiwa na barua ya kuachiliwa kutoka kwa mwajiri wa zamani. Huku kwetu ujumbe ukikwama saa yoyote ile, simu iliyolia ilikuwa yake. Alikuwa ameacha kuimba kwaya kwa sababu hiyo. "Nimechoka kuamshwa na vifaranga," aliniambia, na hakuwa akitania.

Nieleze jinsi vitu visivyoshikika vilivyopata stika. Kabla sijaajiriwa, wakaguzi wa hesabu waliuliza kwa nini kampuni inalipia seva ambazo haziko kwenye rejista. Lilikuwa swali zuri. Jibu likawa la kwetu kabisa: seva zikapewa nambari, nambari zikachapishwa, stika zikapelekwa Ruiru zibandikwe. Zibandikwe wapi, hakuna aliyesema. Chini ya meza ya mwenzangu kulikuwa na sipiyu, lile boksi la chuma la kompyuta ya mezani, iliyokufa zamani na ambayo yeye aliiwekelea miguu. Akazibandika zote saba ubavuni mwake, watu walale. Tangu hapo kila siku ya kuhesabu mali kikosi kilifika Ruiru, mmoja akainama chini ya meza, skana ikalia mara saba, wakaenda kunywa chai.

Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikaanza kuuliza maswali, na hapo ndipo nilipochoka.

Nilikuwa nimetoka chuo pale Juja juzi tu, na bado niliamini kwamba kitu kikielezwa vizuri kitafanywa. Nilipendekeza tuachane na stika. Rejista isome yenyewe, kila asubuhi, orodha ya kampuni inayotukodisha seva: ipi imewaka, inafanya kazi gani, nani ameiomba, itazimwa lini. Mkuu wa fedha alinisikiliza hadi mwisho, kalamu ikiwa imetulia.

"Wazo zuri," alisema. "Liweke kwenye ripoti."

Niliweka kwenye ripoti. Niliweka kwenye ripoti iliyofuata pia. Huku nikingoja, kila Jumatatu nilifungua ukurasa wa seva na kuhesabu kwa macho. Wiki moja saba. Wiki nyingine tisa, kwa sababu mtu wa maagizo alikuwa ameomba mbili za majaribio na kuzisahau. Kisha sita, kwa kuwa moja ilikuwa imezimwa ili iwashwe kubwa zaidi mahali pake, yenye jina lile lile, kazi ile ile, lakini nambari tofauti. Je, hiyo ni mali ile ile au ni nyingine? Ukizima seva jioni na kesho yake ukawasha nakala yake, umenunua kitu au hujanunua? Nilimpelekea mkuu wa fedha swali hilo. Akaniuliza kama nimekula.

Nyumbani Kalimoni, mum alikuwa amewaambia wenzake wa kanisa kwamba niko kwa mambo ya kompyuta. Mimi nilipomtembelea aliniuliza polepole, wawili tukichambua maharagwe, kazi yenyewe ni gani hasa.

"Nahesabu," nikamwambia.

"Kama mimi na kuku."

"Kuku wako unawaona, mum."

"Si kila siku," akasema, akaendelea kuchambua.

Basi mwenzangu akaleta fomu yake. Alirudisha kompyuta ya mkononi, simu, ufunguo wa kabati, kiti. Mama wa stoo, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, akashuka kwa kidole kwenye rejista yangu.

"Hapa bado saba."

"Hizo ni seva, madam. Ziko klaudi."

"Ziko wapi sijali. Zilete."

"Zilikuwa kwa ile sipiyu ya chini ya meza."

"Sawa. Leta sipiyu."

Ndipo tukagundua kwamba sipiyu haikuwepo. Ofisi ya Ruiru ilikuwa imepakwa rangi upya, na vitu vilivyokufa vilikuwa vimechukuliwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu. Sipiyu ilikuwa na stika yake ya zamani, ya nane, na nambari hiyo ilifutwa kwenye rejista kwa karatasi na sahihi zote. Zile saba hazikufutwa kwa sababu hakuna aliyeambiwa azifute. Seva zenyewe zilikuwa zinafanya kazi. Asubuhi hiyo hiyo zilikuwa zimewaita wafugaji wa upande wa Gatundu. Lakini kwa stoo zilikuwa zimepotea mikononi mwa mwenzangu.

Nilifungua ukurasa wa seva na kumgeuzia mama wa stoo skrini. Saba, zote kijani.

"Unaona? Hizi hapa. Hazijapotea."

"Hiyo ni picha," alisema.

"Si picha, ni—"

"Mami, ukiniletea picha ya mizani nikupigie muhuri wa mizani?"

Nikapanda kwa mkuu wa fedha. Alisema jambo hilo ni la stoo. Nikashuka stoo. Mama wa stoo akasema kama mkuu anataka muhuri, aandike kwa mkono wake kwamba vitu saba vimepokelewa. Nikapanda tena. Mkuu akasema hawezi kuandika kwamba amepokea kitu ambacho hajapokea. Nilisimama kwenye ngazi nikifikiria kwamba wote wawili walikuwa wakisema jambo moja, na kwamba lilikuwa jambo la busara, na kwamba halikuwa na maana yoyote. Ilikuwa Alhamisi.

Tulipomuuliza, mnunuzi wa vyuma alikumbuka sipiyu yenye stika nyingi. Alikuwa amemuuzia fundi wa simu wa pale Kimbo, nyuma ya steji ya matatu. Tukaenda Ijumaa asubuhi, wawili. Kibanda cha fundi kilikuwa na upana wa mlango, naye alikuwa kijana mwenye darubini ndogo ya jicho moja. Sipiyu ilikuwa kando yake imelazwa, tumbo wazi, imejaa chaja.

"Sasa masiste. Simu iko wapi?"

"Hatujaleta simu," mwenzangu alisema. "Tumekuja kwa hiyo sipiyu."

"Hii? Hii ni kabati."

"Iko na stika zetu."

Akaigeuza, akazitazama. "Stika chukueni. Hata nilikuwa nashangaa huyu mwenyewe alikuwa anaogopa nini, kubandika zote hizi."

"Tunataka na boksi."

Fundi akaiondoa darubini jichoni ili atuone vizuri. "Mnataka boksi imekufa, haina kitu ndani, sababu ya stika."

"Ndiyo."

"Na mmesoma?"

"Huyu ndiye amesoma," mwenzangu akasema, akininyooshea kidevu. "Mimi nimefuata tu."

Hakutaka kuuza, chaja zake zingelala wapi? Mwishowe yeye na mwenzangu walielewana kwa mgao wa vifaranga. Siku za kuangua, sisi wafanyakazi hupewa vifaranga dume wa kuku wa mayai, maana hakuna mfugaji anayewataka. Mwenzangu alikuwa na katoni yake ya Jumanne bado imewekwa chini ya taa kwake, Kimbo hapo hapo.

"Wakikufa?" fundi aliuliza.

"Wakikufa ni wako. Wakikua ni wako pia."

"Na katoni ikuwe ile ngumu. Chaja nitaweka humo."

Tukaibeba sipiyu hadi Thika imefungwa kwa leso. Mama wa stoo aliiweka juu ya kaunta na kupitisha skana. Ililia mara sita. Stika ya saba ilikuwa imekwaruzwa na chaja, hivyo akaandika nambari yake kwa mkono, tarakimu moja moja, akinitajia nami nikithibitisha. Kisha akapiga muhuri.

"Si umeona? Ilikuwa ngumu?" alimwambia mwenzangu.

Mwenzangu alipotoka kwenda kuchukua barua, mama wa stoo alinivuta karibu. "Najua hazimo humu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si mjinga, kairitu, msichana wangu. Lakini wakati nilikatwa mshahara juu ya mizani iliyopotea, hakuna mtu aliniuliza mimi najua nini."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Kilichorudishwa stoo, kwenye rejista, huonyesha kwamba kiko stoo, na mkuu wa fedha huletewa kila siku vilivyoingia. Kabla ya chakula cha mchana aliniita.

"Naona seva saba ziko stoo."

"Kwenye rejista, ndiyo."

"Kama ziko stoo, tunazilipia kwa nini? Waambie wazizime."

Nilimweleza. Alinielewa, huyo hakuwa mtu mgumu wa kuelewa. Lakini alisema rejista haiwezi kuonyesha kitu kimelala stoo huku kikilipiwa, wakaguzi watauliza, na barua ya mwenzangu asingeitia sahihi kabla seva hazijapata mtu mwingine. Wa kumrithi mwenzangu hakuwa ameajiriwa bado. Jumamosi kulikuwa na vifaranga wa kuangua. Kama seva zingezimwa, wangekaa kwenye katoni bila mtu kuitwa, na kifaranga hangoji.

"Ni nani atazichukua?" akauliza.

Tulikuwa wawili chumbani. Hata nilitazama nyuma.

Mwenzangu nilimkuta kwenye korido, na alijua kabla sijasema. "Usitie sahihi," alisema. "Nakuambia kama dada yako. Ukitia, wewe ndiye mimi."

"Na barua yako?"

Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, na nilimwona akihesabu kichwani saa zilizobaki hadi ofisi kufungwa. Nilitaka aseme tena nisitie. Hakusema.

Nilishuka stoo, nikatia sahihi mara saba. Mama wa stoo akanisukumia sipiyu kwa goti, nami nikaibeba mpaka chini ya meza yangu. Saa kumi mwenzangu alipata barua yake ndani ya bahasha, akanikumbatia, akaondoka. Kesho yake simu iliyolia ilikuwa yangu.

Wa kumrithi aliajiriwa hatimaye. Ni kijana mzuri, anazihudumia seva vizuri kuliko mimi, lakini aliponiuliza kuhusu zile stika nami nikamweleza, alikataa katakata kuzitilia sahihi, na sikuweza kumlaumu. Seva sasa ni kumi na moja. Nimeandika pendekezo lile lile kwenye ripoti mara nyingi kiasi kwamba nalinakili tu. Mwaka huu mmoja wa wakaguzi aliinama chini ya meza yangu, akainuka, akapangusa magoti na kusema rejista yetu ni safi kuliko nyingi alizoziona. Nimetuma maombi ya kazi mara mbili na kuyaondoa mara mbili.

Mwenzangu sikumwona tena kwa muda mrefu, hadi tulipokutana Juja sokoni, akichagua nyanya. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amerudi kwaya. Tulisimama tukizungumza mambo ya watoto wake, nami mwishowe nikamuuliza, kwa utani, kama wale waajiri wake waliipenda barua yetu.

Akaweka nyanya chini. Alisema siku ya kwanza aliitoa pamoja na vyeti vyake, na yule wa kuajiri akamrudishia bila kuifungua, maana walichohitaji kilikuwa nakala ya kitambulisho tu.