Folda Isiyoonekana kwa Mzee Nguzo

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kazi. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye mume wangu alikwenda kuwaambia watu eti nilikaribia kuchelewa kwa kupenda kwangu. Kurasa mia na kumi na mbili za ushahidi wa baraza la ardhi, nimezichapa kwa vidole hivi hivi kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, vikohozi na vyote. Karani wa baraza alinipa sharti: nakala ya karatasi iwe mezani kwake kabla ya saa nane mchana, na isipitie steshenari yoyote, kwa kuwa hizo ni siri za watu. Nikifikisha, naajiriwa. Nisipofikisha, narudi kwenye vibarua vya kuchapa kadi za mialiko, kama nilivyofanya miaka sita.

Printa tunayo nyumbani. Balaa ni kwamba iko chumbani kwa babamkwe.

Sasa nikueleze huyu mzee. Mtaani wanamwita Mzee Nguzo, kwa sababu alipanda nguzo za simu miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Nguzo ameziacha, utaratibu umemganda. Kila kitu katika nyumba hii kina kibandiko chenye mwandiko wake: swichi ya varanda, bomba la tangi, hata ufagio umeandikwa UANI, usije ukajisahau ukafagilia sebule. Printa imeandikwa USIGUSE. Kompyuta yake imeandikwa FLASHI MARUFUKU, tangu flashi moja ilipoleta virusi vikala picha zake zote za kazini. Mtandao wa nyumba aliuweka yeye mwenyewe, akatoboa kuta, akapitisha nyaya. Siku nilipoletwa hapa kama mke wa mwanawe, alinikabidhi kikadi chenye nenosiri, kwa wino wa buluu, amekishika kwa mikono miwili. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na hakuna aliyetamka neno.

Si kwamba ananichukia. Ni ile heshima ya wakwe tu. Mimi siingii chumbani kwake, yeye hapiti ninapokula, na tukitaka kuambiana jambo tunampa mamamkwe alipeleke. Haya, jaribu wewe kuunganisha kompyuta mbili kwa njia hiyo.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mimi naifungua folda yangu ili kompyuta nyingine za nyumbani ziione, yeye anaikuta kwake, anachapisha. Mtandao wa nje ulikuwa umekatika tangu jana, lakini kompyuta za nyumba moja haziuhitaji ili kuonana. Dakika tano, nilijiambia. Loo!

"Mama, naomba umwulize Baba kama anaiona folda inaitwa KAZI."

Mamamkwe akaenda, ndala zikiburuzika koridoni. Akarudi. "Anasema haioni."

"Mwambie afunge lile dirisha, afungue tena."

Akaenda. Akarudi. "Amefunga. Anauliza, dirisha la chumbani au la kwenye kompyuta? Maana la chumbani amelifunga na joto limemzidi."

Nikahakikisha ruhusa ya kushiriki mafaili imewashwa: imewashwa. Nikalinganisha jina la kundi la kompyuta, langu na lake, herufi moja moja, Mama akileta herufi hizo kwenye kipande cha karatasi: yanafanana. Nikaondoa nenosiri kwenye folda. Nikazima kinga ya kompyuta kwa muda, roho mkononi. Nikazima na kuwasha kila kitu chenye swichi. Kila nilipobadilisha kitu niliandika kifaili kifupi ndani ya folda, ili Mzee aseme ameona kipi. Jaribio la kwanza: "Shikamoo Baba, ukiiona hii nijulishe." La nne: "Na hii je?" La saba: "Jamani." Na kila mara ndala zilirudi na jibu lile lile, haioni.

Nikampigia mume wangu kazini. Yeye ni fundi wa friji, kwa hiyo anajiona fundi wa kila chenye waya.

"Umezima na kuwasha?"

"Nimezima na kuwasha tangu saa tatu!"

"Jaribu tena taratibu."

Nikamkatia simu. Taratibu! Saa sita ilikuwa imeshapita, na kazi niliyoililia miaka yote imelala ndani ya mashine hatua kumi na nne kutoka kwenye printa. Hapo ndipo nilipoandika jaribio la kumi na moja. Nililiandika kwa hasira, nikakusudia kulifuta, kisha Mama akaniita nikasahau.

Aliniita kwa wema tu. "Njoo utumie yangu, mwanangu, labda yako ina uchovu." Kompyuta yake ndogo hukaa sebuleni, huitumia kutazama mitindo ya kufuma. Nikaifungua. Ebo! Folda za Mzee zote zile pale. Kompyuta ya mume wangu ile pale. Nyumba nzima inaonana, isipokuwa mimi. Nikatazama imeunganishwa na mtandao gani. Imeandikwa NYUMBANI.

Kwenye kompyuta yangu linatokea jina moja tu, WAGENI. Kwa miaka sita nilidhani ndilo jina la mtandao wetu, na vibandiko vya mzee nani avihoji? Kumbe ule mwingine ameuficha, hauonekani mpaka uandike jina lake mwenyewe.

Nikampigia tena mume wangu. Nikamsomea majina yote mawili. "Ah. Kama uko kwa wageni, basi. Mgeni anapata mtandao tu, haoni vitu vya ndani. Ndivyo ulivyowekwa."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi... niko NYUMBANI."

Tunalala kitanda kimoja, msomaji wangu. Kitanda kimoja!

Sikumtuma Mama. Iliniuma mno kiasi kwamba adabu yote ilinitoka. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa Mzee Nguzo, nikasimama kizingitini, nikasema: "Baba, mimi ni mgeni katika nyumba hii?"

Mzee akainuka kwenye kiti. Akavua miwani, akaivaa. Macho yake yalimtafuta Mama ili ampe jibu alilete, lakini Mama alikuwa ameganda nyuma yangu.

"Kule," akasema hatimaye, akiutazama mlango badala yangu, "kule nimekuwekea nusu nzima ya kasi. Uko peke yako. Sisi watatu tunabanana huku kwenye nusu iliyobaki. Mkwe nitamchanganyaje na hawa? Nilikupa pazuri."

Miaka sita mzee anajinyima, na mimi miaka sita sijui. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Nitoe huko, Baba. Nataka kubanana."

Mzee akachukua kalamu ya buluu, akaandika kwenye kikadi, akaja nacho mpaka kizingitini kwa mikono miwili. Nikakimbia mezani kwangu, nikaandika jina, nikaandika nenosiri. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Naiona!" akapaza sauti kutoka chumbani. Mwenyewe, bila mjumbe.

Printa ikaanza kunguruma, nami nikarudi mlangoni kungoja. Hapo ndipo nilipovikumbuka vile vifaili vya majaribio. Mzee Nguzo hajawahi kuanza kitu katikati. Alikuwa ameichagua folda yote, akaanza na faili la juu kabisa. Ikatoka "Shikamoo Baba." Ikatoka "Na hii je?" Ikatoka "Jamani." Kila karatasi aliisoma, akaiweka juu ya nyingine, akazinyoosha kingo.

Ya kumi na moja aliishika muda mrefu zaidi. Niliijua kwa moyo: "Nyumba hii imejaa vibandiko na hakuna kinachofanya kazi. Nimechoka na nyinyi nyote."

Nilitamani ardhi inimeze. Kurasa za ushahidi zilikuwa zimeanza kutoka, zinarundikana, na mzee bado ameikodolea macho ile moja. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Mama yao," akamwambia mamamkwe, "mgeni anaweza kuandika hivi?"

Nilifika kwa karani saa nane kasoro dakika nne, jasho linanitiririka, na kazi nimepata. Ile karatasi ya kumi na moja Mzee alikataa kunirudishia. Ameibandika juu ya kisanduku cha mtandao.