Jiko la Mkaa Chumbani kwa Mama Koku

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Buhongwa, Afisa Afya wa Kata alinikabidhi daftari la ukaguzi wa kaya, kitabu tulichoandikia hali ya choo, maji, jiko na madirisha ya kila nyumba. Akaniambia, "Binti, ya ndani kwa watu usiyatoe nje. Lakini kinachoweza kuua, kiandike na ukiseme."

Nilishika nusu ya kwanza tu.

Baada ya miaka kadhaa Buhongwa, kisha Nyegezi, nilihamishiwa Mkolani, nilikokuwa nimejenga. Jirani yangu Mama Koku, mwalimu mstaafu kutoka Kagera, alikuwa akimuuguza mumewe aliyepooza. Hakutaka watu wamwone katika hali ile, hivyo aliwaambia majirani wengine kwamba mzee yuko Bukoba; mimi tu ndiye niliyekuwa naingia kwao.

Asubuhi moja ya mvua niliwapelekea viazi. Mlango ulikuwa wazi, nikapitiliza hadi chumbani. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka kando ya kitanda, na dirisha limezibwa kwa blanketi.

"Mama Koku, hewa ya mkaa haina harufu, lakini inaua," nilimwambia. "Fungua dirisha."

"Anatetemeka, jirani. Nikifungua watachungulia. Wewe ni mtu wa afya, unajua kutunza siri. Hata Koku usimwambie habari ya jiko."

Koku ni binti yao, anaishi Nyegezi, na namba yake nilikuwa nayo. Nikaahidi kunyamaza. Kwenye daftari, katika mstari wa nyumba yao, niliandika "salama". Nilijidai nalinda heshima yao. Ukweli ni kwamba niliogopa kuitwa mmbea, tena nilipenda kuwa mtu pekee anayeaminiwa mle ndani.

Wiki iliyofuata Koku alifika adhuhuri akawakuta wote wawili hawaamki. Mama alizinduka hospitalini. Baba hakuzinduka.

Msibani Koku alinisogelea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ulikuwa unaingia kule. Ulijua habari ya jiko?"

"Hapana, sikujua."

Mama Koku alikuwa ameketi mkekani, karibu kabisa. Alisikia. Aliniangalia kidogo, kisha akainamisha uso, akaitunza siri yangu.

Sasa nimestaafu. Maafisa vijana wakija kuniuliza habari za kazi, huwaambia kwamba siri ya mtu ni ugonjwa wake, si jiko linalomuua. Ningeweza kulisema jiko na ugonjwa nikauacha. Wao huandika, hunishukuru. Koku mwenyewe sijamwambia hadi leo. Mama yake hunikaribisha kahawa, tunaongea habari za mvua, na hakuna anayelitaja jiko.